Mwenza anafanyiwa upasuaji mdogo: jinsi ya kumwingiza hospitali, kumtoa na kumfikisha nyumbani

Mwongozo huu ni wa anayempeleka mume au mke kufanyiwa upasuaji mdogo wa kupangwa, hospitali ya serikali, kwa bima. Sisi ilikuwa ngiri ya kinena ya mume wangu, Dar es Salaam, na hasira bado haijaniisha. Upasuaji wenyewe uliisha hata chai kwenye chupa haijapoa. Kilichotutoa jasho ni kutoka. Kwa hiyo rufaa na vipimo nitavipita mbiombio, nikifika kwenye ruhusa nitavuta kiti.

Na kama bado mko kwa muuza dawa wa kituo cha daladala, mwenye spika na chupa za rangi ya mchuzi: ngiri ya kinena ni utumbo uliopenya kwenye upenyo wa misuli. Hakuna mzizi unaoziba upenyo huo.

Kadi na rufaa

Ngazi mnazijua: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, rufaa ya mkoa. Ukiruka ngazi, dirisha la bima litakurudisha chini. Kabla ya kwenda, weka kadi ya bima na kitambulisho cha NIDA ubavu kwa ubavu, usome majina herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed kwa jirani yako ni mtu mmoja. Kwa mfumo ni watu wawili, na mmoja wao hana bima.

Bima ya kampuni binafsi kwa kawaida inataka kibali cha upasuaji kabla, na kuna sehemu ya fomu ambayo daktari ndiye anayeijaza. Ukiambiwa "tumeshatuma", uliza ilitumwa lini na aliyetuma ni nani.

Tarehe

Daktari akiuliza mje lini, usijibu "siku yoyote". Omba Jumatatu au Jumanne. Mtu wa ngiri ya kawaida hutoka siku ileile au kesho yake, lakini orodha ya tieta, chumba cha upasuaji, haina mwenyewe. Mama mwenye uchungu pingamizi akiletwa usiku, meza ni yake, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mliopangiwa Jumatano mnasogezwa Alhamisi, ruhusa inaangukia Ijumaa mchana, na Ijumaa mchana ndipo wenye mihuri wanapoadimika.

Siku hiyohiyo ya kupangiwa tarehe uliza habari ya wavu, kile kipande wanachoshonea pale palipoachia ili ngiri isirudi. Utawekwa? Upo stoo au tununue nje? Bima inaulipia? Maswali haya huulizwa mapema, si asubuhi ambayo mgonjwa keshavaa gauni la kijani na wewe unakimbizwa famasi ya nje na kikaratasi.

Usiku wa kuamkia

Wodi itasema asile wala kunywa kuanzia saa sita usiku. Fuateni hivyo hivyo. Chai ya maziwa ni chakula, mzee akubali. Anayekula kwa siri anahatarisha mapafu yake, maana mtu aliye kwenye usingizi wa dawa akitapika, matapishi yanaweza kushukia huko. Kama anatumia dawa za presha au sukari, uliza ipi anywe na ipi aache. Presha ikiwa juu mno asubuhi hiyo, mnaahirishwa.

Kama mgonjwa ni mke, rangi ya kucha itoke na piko isipakwe vidoleni wiki hiyo. Kile kibanio cha kidoleni kinapima oksijeni kwa mwanga unaopenya kidole, na rangi nzito hukichanganya.

Kwenye wodi ya wanaume mke haruhusiwi kulala. Tafuta mwanaume wa kubaki na mgonjwa. Mimi nilimwachia shemeji yangu, ambaye kwa maelezo ya manesi alipata usingizi mzuri kuliko wagonjwa wote. Beseni, shuka, kikombe, kandambili na chaja vinatosha. Sanduku la harusini liacheni nyumbani.

Akitoka tieta baada ya ganzi ya mgongo, miguu itakuwa mizito kwa masaa kadhaa. Asijaribu kusimama peke yake hata akijiona shujaa. Chakula anaanza nesi akiruhusu. Na kabla hamjafikiria nyumbani, awe amekojoa, kwa sababu ganzi ya mgongo wakati mwingine huziba mkojo, na kurudishwa usiku kwa ajili hiyo ni balaa.

Ruhusa

Daktari akipita raundi na kusema "mzee, leo unaenda nyumbani", usimpigie dereva. Hayo bado ni maneno. Kinachokutoa ni faili, na faili lina safari yake: daktari aandike ruhusa, nesi ahesabu dawa zilizotumika na zilizobaki, zilizobaki zirudi famasi zifutwe kwenye bili, faili liende bima likaguliwe, mgonjwa asaini fomu ya madai, kisichobebwa na bima kitolewe kontrol namba (namba ya kulipia serikalini), ulipie, risiti irudi wodini, ndipo uandikiwe karatasi ya getini. Kituo kimoja kikilala, vyote vinalala, na hakuna atakayekuja kukwambia.

Letu lililala mezani palepale wodini, chini ya chati za dripu. Wodini walijua liko bima. Bima walijua liko famasi. Famasi hawakuwa na habari kama kuna mtu anaitwa hivyo. Lilipopatikana, dada wa dirishani akaniambia mfumo uko chini, mama, subiri kidogo. Simu yake ilikuwa juu muda wote. Mume wangu akalala usiku mwingine kwenye kitanda asichokihitaji, na asubuhi kitanda hicho tukakikuta kwenye bili.

Kwa hiyo fanya hivi. Raundi ikipita tu, msogelee nesi wa zamu kwa adabu, "sista, samahani, faili letu sasa hivi liko wapi?" Ukiuliza "tunatoka saa ngapi?" utajibiwa "subiri". Ukiuliza faili liko wapi, lazima mtu ainuke alitazame. Kwa kawaida ndugu haruhusiwi kulibeba, basi muulize anayelibeba ni nani, na umfahamu kwa sura. Dirisha la bima nenda kabla ya saa sita mchana. Kontrol namba ukiipata, lipia kwa simu hapohapo, na ujumbe wa malipo usiufute.

Wakati faili linazunguka, mkamate daktari kwa mambo mawili: muhtasari wa ruhusa wenye kilichofanyika, dawa na tarehe ya kliniki, na ED, karatasi ya kumpumzisha mgonjwa kazini, yenye sahihi na muhuri. Ukimwachia daktari wa zamu ya jioni, atakwambia mgonjwa huyu hamjui, na atakuwa na haki. Mwisho tazama mkono wa mgonjwa. Kanula, ile sindano ya dripu, imetolewa? Kuna watu wanafika nayo hadi nyumbani.

Njiani

Avae msuli au kanzu. Suruali yenye mkanda itakaa juu ya kidonda, na kila mtu garini atalisikia hilo. Bodaboda usifikirie. Bajaji ni nafuu mpaka mfike kwenye matuta. Teksi ndiyo jibu: siti ya mbele irudishwe nyuma, mto mdogo kati ya mkanda wa gari na tumbo, dereva aambiwe mapema kwamba kabeba mgonjwa. Jitahidini muondoke kabla ya foleni ya jioni. Barabara ya Morogoro saa kumi na moja si mahali pa mtu mwenye nyuzi. Omba kiti cha magurudumu hadi getini, kwa sababu mlinzi aliyeruhusu magari ya wakubwa kuingia huenda lenu asiliruhusu.

Nyumbani

Choo cha kuchuchumaa ndicho mtihani ambao hakuna aliyetutajia. Tafuteni kiti kilichotobolewa kabla hajafika. Papai, mboga na maji mengi, asikamie chooni. Akikohoa au kucheka, abonyeze mto kwenye kidonda. Ndoo ya maji, mtungi wa gesi na mtoto wa kubebwa vimsahau kwa wiki 4 hadi 6, au kadiri daktari alivyoandika. Wageni wa kutoa pole wapokelewe, soda zao zipokelewe, kisha mgonjwa "anatakiwa kulala".

Kidonda kisafishwe zahanati ya karibu kwa siku walizopanga. Uliza kabisa kama nyuzi zinayeyuka zenyewe au zinatolewa. Homa, usaha, damu isiyokata, uvimbe unaokua, kushindwa kukojoa au kutapika mfululizo: rudini siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Siku ya kliniki nendeni na muhtasari wenyewe pamoja na nakala, na kadi ya bima msiisahau. Mtahakikiwa upya mapokezi kana kwamba hawajawahi kuwaona.