Jinsi ya kuchora nembo ya duka la dawa

Mwenye duka la dawa akikuita umchoree nembo, usikimbilie kompyuta. Huu ndio utaratibu ninaoufuata hapa Dar es Salaam.

1. Tembea mtaani kwake. Andika rangi zote za mabango ya jirani, maana kila rangi ina mwenyewe kabla hujaigusa. M-Pesa ni ya kijani Kenya na nyekundu hapa Tanzania: huduma ni ileile, lakini kila upande watu wameizoea kwa rangi ya kampuni yao ya simu. Ukipaka kijani na njano, wateja watasema mwenye duka ni Yanga. Nyekundu na nyeupe, ni Simba. Wagonjwa wanatoka kwa watani wote wawili, kwa hiyo jozi zote mbili naziacha.

2. Muulize: mgonjwa akifika mlangoni ajisikieje? Chukua jibu moja tu. "Atulie" linatosha.

3. Chagua alama. Usiweke msalaba mwekundu hata akikusihi. Alama hiyo ilianza na Mkataba wa Geneva wa 1864 na inalindwa kisheria. Humwambia mpiganaji vitani kwamba hapa hapapigwi. Tukiibandika ovyo madukani, tunaipunguzia nguvu pale inapookoa maisha. Bakuli lenye nyoka ni alama halali ya wafamasia, ila bibi aliyembeba mjukuu mwenye homa ataona nyoka tu. Mimi huchagua kinu na mchi: ni alama ya zamani ya ufamasia, na kwetu hakuna asiyeijua kazi yake.

4. Chora kwa rangi nyeusi peke yake. Nembo hii itagongwa muhuri kwenye bahasha za dawa, upana wa sentimita 2, wino ukitapakaa kidogo. Nakshi zote zitaziba. Kitakachobaki ni umbo: mdomo mpana, kiuno chembamba, mchi uliotokeza juu. Mchi ukiwa wima, kwa mbali unafanana na mshumaa ndani ya kikombe, ulaze kidogo.

5. Sasa rangi. Kijani kilichokolea juu ya nyeupe, bila njano. Kijani chepesi hakisomeki jua la mchana likipiga bango, na maandishi mekundu hupauka mapema.

6. Bandika mchoro ukutani, vuka barabara, muulize mpita njia: "Samahani, pale wanauza nini?" Akisita, rekebisha umbo kwanza. Rangi iache ilivyo.