Mnachanga hela ya vani kwenda kazini Marekani? Someni hii kabla mwezi mpya haujaanza

Wadau mlioko Marekani, hasa nyie mnaoamka saa tisa usiku kuwahi shifti ya ghalani au kiwandani, hii ni yenu. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa Kent, jimbo la Washington, nilikuwa namlipa jamaa mmoja mwenye kipanya chake dola 12 kwa siku, tunajazana humo tisa, hela mkononi, hamna risiti hamna nini, ikifika Ijumaa nimeshatoa dola 60 na sijauliza swali hata moja. Kumbe kuna dada tunafanya naye kazi mstari mmoja anakuja na vani ya mamlaka ya usafiri, analipa kama nusu ya ninacholipa mimi, na hiyo nusu yenyewe inakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi. Niliumia jamani. Sio kwa sababu ya jamaa wa kipanya, yeye alitusaidia sana, niliumia kwa sababu hela ilikuwepo muda wote na hamna aliyeniambia.

Tuelewane kwanza vanipuli (vanpool) ni nini, yaani vani moja wafanyakazi wanayopanda pamoja kwenda kazini na kugawana gharama, maana watu wanaichanganya na lifti za kawaida. Sheria ya kodi ya serikali kuu inataka gari iwe na viti vya watu wazima angalau 6 bila kumhesabu dereva, angalau asilimia 80 ya maili zake ziwe za kupeleka na kurudisha wafanyakazi, na kwenye safari hizo kwa wastani nusu ya hivyo viti viwe na watu. Kwa hiyo Corolla mnayopanda wanne, hata mkichanga mafuta kwa uaminifu wa namna gani, haimo. Ila ile ya viti saba, dereva na abiria sita, inaingia bila shida ilimradi wapatikane watatu wa kupanda. Na wala si kitu kipya, kampuni ya 3M kule Minnesota ilianza kubeba wafanyakazi wake kwa vani tangu 1973.

Sasa hela zenyewe. Zinatoka sehemu tofauti tofauti na unaruhusiwa kuzitumia pamoja, hapo ndo wengi wanapokosea, akipata moja anaridhika.

Ya kwanza iko kwenye mshahara wako. Unakwenda HR unawauliza kama wana "commuter benefits", litaje hivyo hivyo kwa Kiingereza maana ukianza kuelezea vani na majirani watakushangaa. Kama wanayo, unajaza fomu, kila mwezi wanakata kiasi cha vani kabla kodi haijagusa. Kikomo kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 325 kwa mwezi, 2026 ni dola 340. Tupige hesabu: vani yako ni dola 150 kwa mwezi, uko kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 12, jumlisha ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni), unaokoa karibu dola 29 na nusu kila mwezi, kwa mwaka ni kama dola 354. Sisi wa Washington hatuna kodi ya mapato ya jimbo kwa hiyo inaishia hapo, walioko majimbo yenye kodi hiyo mara nyingi wanaokoa zaidi kidogo. Mwajiri pia anaweza kukulipia yeye mwenyewe badala ya kukata kwako, mpaka kikomo hicho hicho, na hiyo haihesabiwi kama mshahara. Wachache wanafanya, ila kuuliza si kosa.

Kuna miji ambayo mwajiri hana hiari kwenye hili. Seattle tangu 2020 mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awape nafasi ya kukatwa hela ya usafiri kabla ya kodi, na vanipuli imetajwa humo. New York mjini, New Jersey na Washington DC nako kuna sheria za namna hiyo, nako ni kuanzia wafanyakazi 20. Mimi niko Kent, sheria ya Seattle hainihusu hata kama naiona minara yao kwa mbali, kwa hiyo ilibidi niende kuomba kistaarabu. Mama wa HR alikuwa hajawahi kuulizwa, akasema ngoja, wiki tatu kimya, nikarudi, nikarudi tena, mwishowe ikawekwa na sasa hivi tuko kumi na kitu tunaitumia.

Angalizo hapa: hii ni ya walioajiriwa wa W-2, yaani fomu ya kodi anayopewa mwajiriwa. Kama unaendesha Uber au unapelekea watu chakula na unapewa 1099, ile fomu ya anayejitegemea, haikuhusu. Na msidanganyane kwamba utaidai mwisho wa mwaka kwenye kodi, nauli ya nyumbani mpaka kazini haitolewi kwenye kodi, nimeona mtu kaambiwa na mjuaji wa mtaani ajaze humo akaja kuandikiwa barua.

Sehemu ya pili ni mamlaka ya usafiri ya eneo lako, na hapa ndo penye hela nono. Inategemea uko wapi. Kuna mamlaka zina vani zao zenyewe, mfano King County Metro hapa kwetu wanazo tangu 1979, mnapewa vani mnalipa kwa mwezi, na mafuta, bima na matengenezo yote yamo kwenye bei. Sehemu nyingine nyingi mnakodi vani kwenye kampuni, Commute with Enterprise ndo wametapakaa zaidi, halafu mamlaka inalipa sehemu ya bei ya kukodi kila mwezi na nyie mnagawana kilichobaki. Hapo muulize vizuri kilichomo, maana kwa kawaida bima na matengenezo vimo lakini mafuta na tozo za barabara ni juu yenu, watu wanafurahia bei kisha wanashtukia pampu ya mafuta.

Kwa nini wanatoa hela? Sio huruma. Mamlaka inaripoti serikali kuu abiria na maili za hizo vani, na namba hizo zinaingia kwenye hesabu ya mgao wake wa fedha za usafiri. Ukilielewa hilo utaelewa masharti yao mawili yanayokera watu. Moja, kila mwezi lazima mtume ripoti, nani alipanda siku gani, maili ngapi, mkichelewa ruzuku inaweza kusimamishwa. La pili, vani ikiwa na hela ya umma lazima iwe wazi kwa yeyote mwenye njia hiyo na muda huo, haiwi ya wakwetu tu. Sisi kiti kilipobaki wazi tukaletewa mzee wa Kivietinamu, mwanzoni kimya kabisa, sasa hivi anasema "twende" kuliko sisi.

Kuipata, tafuta mtandaoni jina la kaunti yako na neno vanpool, au piga simu namba ya basi la mji wako uwaambie unataka mtu wa vanipuli. Waulizeni pia kuhusu safari ya dharura ya kurudi nyumbani. Mtoto kaugua shuleni, au bosi kakung'ang'aniza ovataimu vani imeshaondoka, programu nyingi zinalipa teksi mara kadhaa kwa mwaka. Ni bure na karibu hamna anayeijua, ila jiandikishe kabla, ukisubiri dharura ndo ujiandikishe umechelewa.

Sehemu ya tatu ni kwa waliofika juzi au wenye kipato kidogo. Kama ulikuja kama mkimbizi, na najua ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi mnasoma hapa, huduma za ajira za wakimbizi kwa kawaida zinapatikana mpaka miaka 5 tangu ufike, na nauli ya kwenda kazini ni moja ya vitu mwenye faili lako anaweza kusaidia, hasa mwezi wa kwanza kabla mshahara haujatoka. Ofisi za kazi za serikali, hapa Washington zinaitwa WorkSource, nazo zina fungu la usafiri kwa waliojiandikisha kwenye programu zao. Muulize mapema, ukishaanza kazi na ukazoea kujilipia watasema unaweza.

Haya, mmepata watu wa kutosha, sasa kuianzisha vani yenyewe. Mnahitaji mtu mmoja anayeshika hela na ripoti, mchagueni kama mnavyomchagua kijumbe wa upatu, yaani sio anayeongea sana bali yule ambaye hela ya watu hailali kwake. Dereva awe na rekodi safi, watamkagua na kwa kawaida atapewa mafunzo mafupi, na wekeni dereva wa pili kwa sababu wa kwanza ataugua tu siku moja. Sehemu nyingi dereva analipa kidogo au halipi kabisa, msimnung'unikie, nyie mnalala yeye ana barafu barabarani. Kubalianeni mapema: tunasubiri dakika ngapi, asiyekuja wiki nzima analipa au halipi (analipa, kiti ni chake), anayejitoa anatoa taarifa lini. Sisi hatukuandika, mmoja akahamia Spokane katikati ya mwezi, bili yake tukagawana wengine na manung'uniko juu.

Kuhusu vipanya vya watu binafsi niseme kidogo. Kuchangiana mafuta na mwenzako haina neno, na upande wa kodi ya mapato, hela ya abiria kwenye gari mnayogawana gharama kwenda kazini haihesabiwi kipato chako, ila ukifanya biashara lazima uiandike kwenye kodi kama kipato. Tatizo ni bima. Bima nyingi za gari binafsi zina kipengele cha kutolipa kama ulikuwa unabeba watu kwa malipo. Kule Fresno, California, Agosti 1999 vibarua 13 wa mashamba ya nyanya walikufa ndani ya vani moja iliyogonga lori, na baada ya hapo ndo vikaanza vani za mashambani zenye viti halali, mikanda na bima, leo zinaitwa CalVans. Kwa hiyo muulize mwenye kipanya bima yake inasemaje. Akikasirika umeshapata jibu.

Mwisho kabisa hela iliyokatwa. Unaweza kubadilisha kiasi mwezi hadi mwezi lakini lazima kabla mwezi haujaanza, na isiyotumika kwa kawaida inasogea mwezi unaofuata. Ila ukiacha kazi, haurudishiwi. Kwa hiyo ukiona umeshaanza kutafuta kazi nyingine, punguza makato kwanza, maliza salio kwenye vani, ndo upeleke barua.