Gari haliwaki asubuhi: pima betri kabla ya kununua ufunguo

Kuanzia Juni hadi Agosti, gari lililolala nje Uyole, Makambako au Njombe linaweza kugoma asubuhi na lawama zikaangukia ufunguo. Mara nyingi ufunguo ni mzima. Baridi imefanya oili ya injini kuwa nzito, stata inadai umeme mwingi, na betri iliyochoka haiwezi kuutoa. Volti zikishuka sana, kompyuta ya gari nayo hushindwa kufanya kazi yake, na gari huonyesha dalili zinazofanana kabisa na za ufunguo mbovu. Andaa mita ya umeme, taa ya kupimia, spana namba 10 na msasa. Vuta handbreki, weka gia P, kisha anza.

1. Sikiliza, halafu angalia taa

Tak-tak-tak ya haraka maana yake umeme ni mdogo. "Tak" moja nzito kisha kimya: shuku nyaya nene au stata yenyewe. Kimya tangu mwanzo: fyuzi, rilei, swichi, au gia haijakaa sawasawa, jaribu kuwasha ukiwa N. Stata ikizungusha vizuri lakini injini haishiki, hapo ndipo uangalie taa ndogo ya ufunguo kwenye dashibodi. Kwenye Toyota nyingi hupepesa gari likiwa limezimwa, na inatakiwa izime ukifungua swichi. Ikiendelea kupepesa, gari halijautambua ufunguo. Ikizima, acha ufunguo, hamia kwenye koili za plagi, plagi zenyewe na mafuta.

2. Betri na vibanio vyake

Pima kabla gari halijawashwa. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12.0 haina kitu. Mwenzako apige stata huku ukitazama mita: ikianguka chini ya 9.6, ichaji ujazo kamili upime tena. Ikirudia, betri imekwisha hata kama taa kubwa zinawaka. Taa hutumia ampea chache tu. Stata hutumia zaidi ya 100.

Kosa la kawaida ni kugusisha mita kwenye vibanio pekee. Weka ncha moja katikati ya nguzo ya betri, kwenye risasi yenyewe, na nyingine kwenye kibanio chake, kisha mwenzako apige stata. Mita isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti, kati ya nguzo na kibanio kuna utando ambao kwa macho huuoni. Fungua hasi kwanza, sugua nguzo na upande wa ndani wa kibanio mpaka risasi ing'ae, kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Rudia kipimo kati ya nguzo hasi na bloku ya injini; ikizidi 0.5, waya wa ethi umeoza au umelegea.

3. Ufunguo: vitu viwili ndani ya ganda moja

Rimoti inafungua milango na inategemea betri ya kidonge. Chipu inaruhusu injini kuwaka na, kwenye ufunguo wa kuchomeka, haihitaji betri: inapata umeme kutoka koili ya duara iliyozunguka kitasa. Kwa hiyo milango ikigoma na gari likawaka, badilisha kidonge. Milango ikifunguka, stata ikazungusha vizuri lakini injini ikagoma huku taa ya ufunguo ikipepesa, shuku chipu au koili hiyo.

Kama ganda lilibadilishwa karibuni, tafuta lile la zamani. Chipu ni kipande kidogo cheusi kinachobanwa au kugandishwa pembeni ya ganda, na ni rahisi sana kutupwa nalo. Tenganisha pia funguo za magari mengine zilizo kwenye kishikio kimoja. Chipu mbili zikikaribiana huingiliana.

Vidonge vina namba zake, kama CR2032 au CR1632. Weka namba ile ile. Kipya kinasoma volti 3 au zaidi kidogo; chini ya 2.8 kitakusumbua, hasa kwenye baridi.

4. Gari la kuwasha kwa kitufe

Kanyaga breki, mwenzako aangalie taa za nyuma. Zisipowaka, anza na fyuzi ya STOP, kisha swichi iliyo juu ya pedali: bila ishara ya breki, stata haitazunguka. Kidonge kikiwa kimekufa kwenye Toyota, kanyaga breki, gusisha upande wa nembo wa ufunguo kwenye kitufe, subiri mlio, bonyeza mara moja.

5. Swichi ya ufunguo

Gusisha taa ya kupimia kwenye waya mwembamba wa stata, mwenzako azungushe ufunguo. Ikiwaka kwa nguvu na stata isizunguke, fungua stata. Isipowaka, rudi nyuma: rilei, swichi ya gia, kisha swichi ya ufunguo. Injini ikizimika ukitikisa ufunguo, sahani za ndani ya swichi zimelika. Hiyo ni sehemu ya umeme iliyo nyuma ya kitasa. Kwenye magari mengi hubadilishwa bila kugusa kitasa.

Kitasa kizito kwa vumbi usikimwagie oili, itashika vumbi zaidi. Tumia unga wa grafaiti. Hata wa penseli unasaidia.

6. Kuprogramu ufunguo

Tengeneza ufunguo wa pili ukiwa bado na mmoja unaofanya kazi. Ukipoteza zote, fundi atalazimika kufungua kompyuta ya gari au kuiandika upya, na gharama hupanda sana. Kabla ya kuchomeka mashine ya kuprogramu, betri iwe juu ya 12.4 au iunganishwe na chaja; umeme ukikatika katikati ya uandishi, kompyuta inaweza kuharibika.