Jinsi ya kutumia miwani ya uhalisia pepe kuzoea kukataa pombe

Kama umeacha pombe ila ukipita kilabu cha ulanzi huko Iringa mate yanakujaa mdomoni, hii miwani, ambayo ukiivaa unaona mandhari ya kompyuta kama vile upo hapo kweli, inaweza kukusaidia, ila usiivae peke yako, kaa na mtaalamu wa saikolojia. Anakuwekea baa humo ndani, chupa, muziki, washkaji wanagonga glasi, we unamtajia hamu imefika ngapi kati ya 0 na 10, halafu usivue haraka!! Subiri hapohapo mpaka ishuke, maana ubongo unajifunza kuwa hamu inapungua hata usipokunywa. Ikigoma kushuka usiondoke hivyohivyo, ongeeni kwanza. Dawa na ushauri endelea navyo. Na kama ndo umeacha juzi unatetemeka au unaona vitu visivyokuwepo, miwani baadae, wahi hospitali ndugu yangu, arosto ya pombe inaua.