Mabua ya yurea kwa mitamba: jinsi tunavyofanya huku Bukavu

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikishika, hapa Kabare, karibu na Bukavu, wengi hubaki na mabua ya mahindi tu. Protini yake haifiki hata 5%. Yurea, ile mbolea yenye naitrojeni, huipandisha hadi 8% au zaidi, lakini naitrojeni hiyo ni mlo wa vijidudu vya tumboni kwanza. Ng'ombe naye huja kuvimeng'enya vijidudu hivyo.

1. Chagua mnyama. Chini ya miezi 6, hapana. Tumbo kubwa la ndama, lile la kwanza lenye vijidudu, bado ni changa, na amonia (gesi kali inayotoka kwenye yurea) humdhuru. Anza na mitamba waliokwisha kuzoea majani.

2. Pima. Mabua makavu kilo 100, yurea kilo 4, maji lita 50. Usikadirie kwa jicho. Koroga hadi yurea iyeyuke yote, na uweke maji hayo mbali na mifugo: ng'ombe akiyanywa anaweza kufa siku hiyohiyo.

3. Paki. Katakata mabua, panga tabaka kwa tabaka kwenye shimo lililotandikwa bashi (turubai), nyunyiza, kanyaga kwa nguvu, funika pasipite hewa. Huku kwenye baridi ya milima mimi husubiri wiki 4. Penye joto, 3 zinatosha. Majani mazuri yenye sukari nyingi usiyatie yurea: amonia na sukari kwenye joto huweza kuzaa sumu inayowatia ng'ombe kichaa, na hupita hadi kwenye maziwa.

4. Fungua, pepea. Toa ya kesho leo, uyatandaze usiku kucha hadi harufu kali ipungue.

5. Lisha pamoja na chakula cha kutia nguvu. Hapa ndipo wengi tunapoteza. Mwaka wa kwanza niliwapa mabua peke yake. Mkojo ulinuka amonia na mitamba hawakuongezeka. Vijidudu vilikosa wanga wa kujengea protini, basi amonia ikaingia kwenye damu, ini likaigeuza yurea tena, ikatoka nje. Fedha yangu ikamwagika zizini! Sasa kila mtamba hupata pumba za mahindi au viazi vitamu vilivyokatwa, asubuhi na jioni, pamoja na chumvi ya madini. Mabua ninayaongeza kidogo kidogo kwa siku 10, nikichanganya na majani ya kawaida.

Mtamba anayekua haraka huhitaji zaidi ya protini ya vijidudu. Mwongezee machicha ya kiwanda cha bia, au majani ya kaliandra, mti mdogo wa malisho: tanini yake (kile kitu kikakasi cha majani) huiwezesha sehemu ya protini kupita tumbo kubwa bila kuvunjwa, ikameng'enywe mbele, kwenye utumbo.

Ukiona mate yanachuruzika, mnyama anatetemeka na tumbo limevimba, ondoa mabua na umwite daktari wa mifugo mara moja. Siki ndani ya maji baridi hupunguza sumu wakati mnamsubiri.