Leadville kwa miguu, kibandani kwa skii: safari ya mtu mmoja milimani Colorado

Kinachomwangusha mkimbiaji mzuri kwenye safari ya kulala vibanda vya milimani wakati wa theluji ni jasho. Anapanda kwa kasi aliyoizoea barabarani, fulana inalowa chapachapa, anasimama dakika kumi ale, na baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri inamkamata akiwa bado na nguvu zake zote. Mengi yaliyo hapa chini yanahusu kwenda polepole na kubaki mkavu.

Safari yenyewe iko Colorado, Marekani. Unakaa mji wa Leadville, unakimbia hapo siku moja au mbili, kisha unapanda kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji, kutoka Tennessee Pass, njia ya kuvukia milima, hadi 10th Mountain Division Hut, takriban kilomita 7, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,450. Kibanda hiki ni sehemu ya mtandao ulioanza na vibanda viwili mwaka 1982. Jina limetoka kwa kikosi cha askari wa milimani waliofunzwa Camp Hale, kaskazini ya Tennessee Pass, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliyewahi kulala Horombo, Kilimanjaro, ana picha ya mambo, ila huku hakuna mpagazi wala mpishi.

Unakodi kitanda, si lazima kibanda kizima. Wikendi za majira ya baridi hujaa miezi mingi kabla. Anayetaka kitanda kimoja katikati ya wiki hupata kwa urahisi zaidi. Mlango unafunguliwa kwa namba. Iandike kwenye karatasi, maana simu ikizimwa na baridi utabaki nje na kitanda chako umekilipia.

Siku za kukimbia

Leadville iko mita 3,100 hivi. Hata aliyekulia Iten, mita 2,400, ataisikia tofauti kifuani. Lala usiku mbili kabla ya kupanda zaidi. Mineral Belt Trail ni mzunguko wa kilomita 18 na ushei kuuzunguka mji, na majira ya baridi theluji yake hushindiliwa kwa mashine. Kimbia pembeni, usikanyage mifereji miwili ya skii. Alama ya kiatu ikiganda humwangusha anayekuja nyuma. Vaa minyororo yenye miiba juu ya raba. Siku ya kwanza nusu ya mzunguko inatosha, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Kichwa kikiuma bila kupoa kwa maji na mapumziko, ukatapika, au ukaanza kuyumba, shuka chini siku hiyohiyo.

Mzigo

Kodi skii nyepesi za safari zenye ukingo wa chuma, pamoja na ngozi za kupandia, yaani zile kanda zenye gundi zinazobandikwa chini ya skii ili isirudi nyuma. Ngozi ndizo huharibika mara nyingi zaidi. Gundi ikipata theluji au baridi kali haishiki tena, na kanda inaanza kubanduka kutoka mkiani. Kila unapozivua, zikunje gundi kwa gundi uziweke ndani ya jaketi. Zikigoma, kwangua theluji kwa kadi ya plastiki, zipashe joto kifuani, kisha zifunge kwa mikanda ya mpira mahali pawili. Kwa hiyo mikanda minne ya mpira, waya, tepu pana ya fundi na bisibisi inayoingia kwenye skrubu za vishikizo vya buti vinakwenda nawe bila mjadala.

Nguo ya ndani iwe ya sufu au poliesta, kamwe si pamba, na ya pili kavu ikae kwenye mfuko usiopitisha maji. Ongeza begi la kulalia, jaketi nene, tochi ya kichwa, ramani na dira, koleo la kuchotea theluji, mfuko wa dharura wa kulalia nje, godoro dogo la sponji, jiko dogo na sufuria. Kilo 10 hadi 12 ni mzigo wa kawaida. Anayejipunguzia hadi kilo 5 kwa mazoea ya mbio ndefu ameacha vitu vya kumlaza usiku mmoja nje.

Kifaa cha kutafutana kwenye maporomoko ya theluji hakikuokoi ukiwa peke yako, kwa sababu hakuna wa kukufukua. Kinga ya mtu mmoja ni kutokwenda kabisa mahali yanapoweza kutokea. Maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na huwafikia hata walio chini kwenye tambarare. Soma utabiri wa maporomoko wa Colorado Avalanche Information Center asubuhi ya safari. Ngazi za hatari ni 1 hadi 5, na kuanzia 3 ahirisha.

Siku ya kupanda

Mwachie mtu njia yako na saa ya mwisho ya kusubiri ujumbe wako. Saa hiyo ikipita, ampigie sherifu wa kaunti, ndiye mwenye dhamana ya uokoaji. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti kikae kwenye mkanda wa begi begani, si chini ya nguo.

Anza saa mbili asubuhi ukisikia baridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto, dakika ishirini baadaye umelowa. Kwa theluji mpya na mzigo huo, kilomita 2 kwa saa si mwendo wa aibu. Fuata alama za almasi za buluu mitini. Kwenye uwanda wazi hazipo, hapo tumia dira. Saa saba mchana ikikukuta hujafika nusu, geuza, kwani Januari jua linazama kama saa kumi na moja jioni.

Chupa ibebe ikiwa imepinduliwa: barafu huanza juu ya maji, hivyo kifuniko hakigandi. Jeli na chokoleti viwe mfuko wa kifuani, la sivyo utatafuna mawe. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa.

Kibandani

Jiko la kuni: fungua mlango wa hewa kwanza, vijiti vyembamba, kisha magogo. Theluji ya maji ichotwe mahali safi palipotengwa. Tia kikombe cha maji sufuriani kabla ya theluji, vinginevyo chini panaungua na maji yananuka moshi. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwa nyuzi 88 hivi, kwa hiyo maharage makavu ni kupoteza gesi. Beba tambi au viazi vya unga. Buti za ndani, yaani bitana laini za buti za skii, lala nazo miguuni.

Kabla ya kuondoka, fagia, funga gesi, na wapasulie vijiti wanaokuja. Kushuka, kama huna ustadi, acha ngozi chini ya skii zikupunguzie kasi, na kata mteremko kwa mshazari badala ya kushuka moja kwa moja. Ukifika garini, tuma ujumbe kabla ya kuvua buti.