Nazi badala ya maziwa na siagi: tui lisikatike, keki isikauke

Anayeacha maziwa, iwe kwa mzio, kwa tumbo lisilopatana nayo au kwa mfungo, mara nyingi hutoa kikombe cha maziwa na kutia kikombe cha tui. Kisha hushangaa keki imedidimia na chai imejaa mafuta juu. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta asilimia 3 hadi 4 hivi, ilhali tui zito la kopo huwa na asilimia 17 hadi 22. Kwa hiyo tui zito, ambalo wengine huliita kasimile, ni mbadala wa krimu. Mbadala wa maziwa ni tui la pili, yaani lile jepesi linalokamuliwa baada ya zito, na mbadala wa siagi ni mafuta ya nazi. Kama una tui zito peke yake, changanya sehemu 1 ya tui na sehemu 2 za maji. Hapo linafaa kwa uji, chapati na mkate.

Onyo moja kabla ya jiko: tui lina protini na kalisi kidogo mno. Usimpe mtoto mchanga badala ya maziwa yake.

Kukamua

Chagua nazi kavu, nzito, ukiitikisa usikie maji. Macho yake yawe makavu, bila ukungu. Ukishaivunja, onja maji: yakiwa machachu au yana ladha ya sabuni, tupa nazi nzima, maana harufu ile haifichwi na hiliki wala na pilipili. Koroma, yaani nazi ambayo haijakomaa, nalo liache. Nyama yake laini hutoa tui la majimaji lenye mafuta kidogo.

Ikune nazi kwa kibao cha mbuzi, na ukikaribia kifuu simama. Ile ngozi ya kahawia ndiyo inayolifanya tui liwe la kijivu. Kwa nazi 1 ya wastani tia kikombe 1 (250 ml) cha maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia, fikicha dakika 2 au 3, kisha kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndilo tui zito. Rudishia chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa, vikombe 2 vya maji, fikicha tena, kamua: tui la pili. Yaweke mbalimbali. Ukiyachanganya tangu mwanzo umejinyima silaha yako kuu jikoni.

Maji baridi hayafai kwa sababu mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, yakabaki kwenye chicha. Maji yanayochemka nayo yatakuunguza mikono bila faida.

Kwa nini tui hukatika

Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyoshikwa ndani ya maji na protini chache. Moto mkali hugandisha protini hizo, zikaachia mafuta. Ndimu, ukwaju na nyanya mbichi hufanya kazi hiyohiyo upesi zaidi. Unachoona ni vipunje vyeupe chini na mafuta yanaelea juu. Mchuzi haujaharibika, ladha ni ileile, ila sura imekimbia.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kaanga vitunguu na viungo, tia nyanya na uzipike hadi zirojeke na maji yake yakauke. Mimina tui la pili, ndilo liivishe samaki, kamba au mboga. Tui zito liingie dakika 5 hadi 8 za mwisho, moto mdogo, sufuria wazi. Chukua upawa, chota, inua, mwaga, chota tena, bila kuacha, hadi lianze kutokota pembeni. Mfuniko ni adui hapa: joto hupanda ghafla na tui huchemka nawe hulioni. Ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa tayari chini.

Likikatika, epua mara moja. Koroga kijiko 1 cha chai cha unga wa muhogo au wa mahindi katika vijiko 2 vya maji baridi, tia, rudisha kwenye moto mdogo huku ukikoroga kwa dakika 2. Litashikana vya kutosha kwa meza ya nyumbani.

Chai ni hivyohivyo: chemsha majani, tangawizi na sukari kwa maji matupu, epua, ndipo utie tui la pili.

Siagi na mafuta ya nazi

Siagi si mafuta matupu: karibu asilimia 80 ni mafuta, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Mafuta ya nazi ni mafuta tu. Mapishi yakisema siagi gramu 100, tia mafuta ya nazi gramu 80 na tui au maji mililita 20. Ukitia gramu 100 kwa 100, biskuti zitatandaa kwenye trei na keki itaacha mafuta vidoleni.

Kikwazo cha pili ni hali ya hewa. Mombasa au Dar es Salaam mafuta haya ni maji karibu mwaka mzima, na mafuta ya maji hayawezi kuchapwa na sukari yakashika hewa. Ama uyaweke friji hadi yawe laini kama siagi ya kupaka, ama, na hili ndilo bora, tumia keki ya kuchapa mayai:

Unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 180, mayai 3, mafuta ya nazi yaliyoyeyuka gramu 100, tui zito mililita 180, baking poda vijiko 2 vya chai, chumvi robo kijiko cha chai, hiliki ya kusaga kijiko 1 cha chai. Chapa mayai na sukari dakika 5 hadi yapauke na kuvimba. Mimina mafuta kidogo kidogo ukiendelea kuchapa. Tia unga uliochekechwa pamoja na baking poda, hiliki na chumvi kwa mafungu 3, ukipokezana na tui, sasa kwa mwiko na kwa upole. Ukikoroga sana, keki itakuwa ya mpira. Oka nyuzi 175 kwa dakika 35 hadi 40 kwenye chombo cha sentimita 20 hadi 22.

Mayai na tui visitoke friji moja kwa moja. Mafuta yakikutana na yai baridi huganda papo hapo kuwa vipande vidogo vyeupe kama nta. Ikitokea, weka bakuli juu ya maji ya vuguvugu, koroga hadi viyeyuke, endelea.

Usishangae keki au mkate wa tui ukipauka juu. Sukari na protini za maziwa ndizo husaidia rangi ya kahawia, na hapa hazipo. Dakika 10 kabla ya kuepua, paka tui zito lenye sukari kidogo. Mahamri hayana shida hiyo, mafuta ya karai yanajua kazi yake. Ila tui la kukandia liwe vuguvugu tu, kwani la moto huua hamira.

Krimu ya kupamba

Lalisha tui zito friji usiku mzima bila kulitikisa, chota tabaka gumu la juu, chapa kwenye bakuli baridi na vijiko 2 vya sukari laini. Acha likishasimama; ukizidisha, mafuta hujitenga yakawa punje. Katika joto la pwani hulegea haraka, basi pamba wakati wa kuandaa mezani, si mapema.

Dukani soma kibandiko. Tui la unga mara nyingine lina kaseinati ya sodiamu, ambayo ni protini ya maziwa. Mwenye mzio hapaswi kuigusa. Majarini kadhaa nazo zina maziwa. Na mafuta ya nazi ya kujipaka, yaliyotiwa manukato, yabaki bafuni.

Tui bichi huchacha ndani ya saa chache likikaa mezani. Friji hulishika siku 2, friza mwezi 1. Lililogandishwa hujitenga likiyeyuka: kwa mchuzi halina neno, kwa keki lichape kwanza.